Kiapo cha Magurudumu Mawili

Muleba,
28 Julai 2024

Mwanangu Annastella,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka salama na kifua hakikusumbui na hiyo hewa yenu. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma, lakini hilo goti ni la tangu zamani, silihesabu kama ugonjwa. Kibanja cha migomba kimekauka kidogo, ni Julai, ila kahawa tumeanika na mbuzi amezaa mapacha. Mmoja anafanana na katekista, sitasema yupi.

Naandika kwenye daftari kama kawaida. Kesho nashuka mjini kwa miguu, Kamala wa steshenari aipige picha akutumie, na ya kwako ikija atanichapia. Najua unasema kwa nini nisipige simu. Simu mwanangu inakimbia. Nikikata nimeshasahau nusu. Karatasi inalala chini ya mto, naisoma hata mara nne, maana kwa darasa langu la nne nasoma polepole kama mtu anayetembea na mtungi kichwani. Ubaya ni mmoja tu, Kamala anasoma kabla yangu. Juzi kabla sijafika mlangoni akaniambia, "Ma Vestina, mwanao amenunua soksi za sufu." Kwa hiyo mambo ya kike usiyaandike.

Ulisema miezi ya majaribio inakaribia kwisha. Imekuwaje? Na wale wazee unaowaogesha, wanakuheshimu? Yule fundi wa mawe bado anagoma kula supu? Mpe polepole, labda meno. Na usiache kuwasalimu vizuri. Mzungu mzee naye ni mzee. Mtu mzima hasalimiwi shingo imesimama.

Kula. Sali. Usipande pikipiki. Najua unajua, lakini nikiandika nalala vizuri.

Ni mimi mama yako,
Vestina


Regensburg,
6 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nadhani najua ni mwanambuzi yupi.

Mimi ni mzima kabisa na soksi zinafanya kazi. Habari kubwa ni hii: majaribio yameisha na nimepita. Masista wenye nyumba hii ya wazee waliniita ofisini, wakaniambia nibaki, nimalize masomo ya uuguzi hapa hapa. Nilipiga magoti nikawashukuru. Sista mkuu akadhani nimeangusha kitu, akaanza kunisaidia kutafuta chini ya meza.

Mzee Ottmar, huyo fundi wa mawe, sasa anakula supu nikimpa mimi tu. Miaka arobaini alikuwa anakarabati mawe ya kanisa kuu la hapa. Mama, laiti ungeuona huu mji. Daraja lake la mawe lina karibu miaka mia tisa, na watu wanalipita wakila aiskrimu kana kwamba limejengwa juzi. Mzee anasema juu ukutani kuna sura ya chura aliyoichonga yeye, ndogo, na hakuna anayeijua ila yeye na Mungu. Sasa miguu yake imekufa na hawezi kwenda kuiangalia.

Alipopata habari kwamba nimepita, akanipa zawadi. Hapo ndipo nakuomba unisikilize hadi mwisho. Ni tiketi ya kuzungushwa mjini saa moja na kiongozi, mkiwa mmepanda kitu kinaitwa segwei. Unasimama juu ya kibao, unashika usukani, kinakwenda kwa umeme. Kina magurudumu mawili. Lakini, Mama, hayakukaa moja mbele moja nyuma. Yako kushoto na kulia, kama masikio.

Mzee alipanda hicho kitu akiwa na miaka themanini, ikawa ndiyo safari yake ya mwisho kabla miguu haijakataa. Anataka nipite pale pale alipopita yeye, nimwone chura, nirudi nimsimulie. Nilimwambia nitakwenda kwa miguu. Akageukia ukutani, na jioni akagoma supu.

Mimi niliapa kwako kwamba sitapanda cha magurudumu mawili, na sijasahau. Miaka yote ya chuo pale Bukoba nilitembea, kutoka kwa shangazi Miembeni hadi popote, jua na mvua, na wenzangu wananipita juu ya bodaboda wananipungia mkono. Sikulalamika. Sasa naomba unifungue kwa saa moja tu, Jumamosi ya tarehe 24.

Mwanao,
Annastella


Muleba,
11 Agosti 2024

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, wewe najua ni mzima maana umeniandikia. Hongera, habari ya kupita nimeipeleka kanisani, padri ameitangaza, na mama Joanitha wa pale chini amenuna kwa sababu mwanawe bado anatafuta kazi. Nimefurahi hata nimechinja jogoo mwekundu nikamla na majirani.

Sasa hicho kitu. Kamala alikitafuta kwenye simu yake akanionyesha. Dukani kulikuwa na watu sita, wote wakaja kutazama. Nimeona mtu amesimama juu ya kibao, hana pa kukaa, hana pa kukanyaga, amevaa kofia ngumu kama mtu anayejua kabisa kwamba ataanguka. Mzee mmoja akauliza breki iko wapi. Kamala akatafuta akasema hakina breki, unaegemea nyuma tu. Mzee akasema, basi hicho si chombo, hicho ni ugomvi.

Annastella, hapana. Umesema yamekaa kama masikio. Mawili ni mawili.

Baba yako alikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na alikuwa akiushuka ule mlima kwa baiskeli tangu ujana wake. Ulikuwa na miaka tisa. Mguu wako ulikaa kwenye plasta tangu mvua za Machi mpaka kahawa ikaiva, na mimi nilikuwa nikitoka kwenye kitanda chako nakwenda kwenye kaburi lake, natoka kwenye kaburi narudi kitandani. Uliapa umeshika rozari yangu. Sikukuapisha kwa mchezo.

Mwambie huyo mzee asante, Mungu ambariki. Mwambie mama yako ni mwoga. Chura wake utamwona kwa miguu, chura hakimbii.

Ni mimi mama yako,
Vestina


Muleba,
1 Septemba 2024

Mwanangu Annastella,

Tumsifu Yesu Kristo. U mzima?

Tarehe ishirini na nne imepita. Siku ile sikula mchana, nilikaa na rozari barazani mpaka kuku wakaingia. Nimeshuka kwa Kamala mara nne sasa. Ananionyesha zile alama mbili za bluu, anasema umeisoma barua yangu tangu tarehe kumi na mbili. Namuuliza, sasa alama zinasema ni mzima? Anasema Ma Vestina, alama hazisemi hayo.

Kama hukupanda na umenikasirikia, kasirika kwa maandishi. Kama umepanda, niambie. Kama umeanguka, niambie haraka zaidi. Sitakupigia kelele, na hata nikipiga, kutoka huku hadi huko itafika imechoka.

Mbuzi wanakua. Yule wa katekista ana sauti kubwa.

Mama yako


Regensburg,
8 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sina hata mchubuko, basi vuta pumzi kwanza. Na ukiwa bado umesimama pale kwa Kamala, nenda nyumbani ukasome umekaa.

Nilipanda.

Nisamehe. Barua yako niliisoma, nikaenda kumrudishia Mzee Ottmar tiketi. Aliiweka juu ya blanketi, akawa anaipapasa kwa kidole kama anasoma jiwe. Nikashindwa. Nikasema nitakwenda, dhambi nitaibeba.

Kiongozi wetu alikuwa dada mmoja wa nywele fupi, na tulikuwa wanne. Kwanza alitufundisha uwanjani. Kitu chenyewe, Mama, kinasikiliza mwili. Ukiinama mbele kinakwenda, ukijinyoosha na kuegemea nyuma kidogo kinasimama. Basi. Dakika kumi nikawa nazunguka. Tukapita vichochoro vyembamba vya mawe, nyumba za rangi ya ndizi mbivu, mnara mrefu wa tajiri wa zamani aliyetaka kumzidi jirani yake. Tukapita darajani, mto chini unakwenda kwa fujo. Upepo ulikuwa usoni. Nilikuwa mrefu kuliko watu wote. Sitakudanganya, nilifurahi. Tulipofika ubavuni mwa kanisa nilimtafuta chura nikamwona, juu kabisa, amekaa chini ya dirisha kama anayesubiri mvua.

Tukazunguka kona tukaingia uwanja wa mbele ya kanisa. Na Mzee Ottmar alikuwa pale. Sikuambiwa. Amevaa koti la kanisani na tai, kwenye kiti chake cha magurudumu, Sista mkuu amesimama nyuma yake. Alitaka anione nikipita.

Nilimwona mzee, Mama, na nikafanya ulivyonifundisha. Niliinama kumsalimu.

Kile kitu kikaruka mbele. Kadiri kilivyomkaribia ndivyo nilivyozidi kuinama, kwa maana alikuwa ananitazama usoni, na mwili wangu haujui kumkaribia mzee ukiwa umesimama wima. Kiongozi alikuwa anapiga kelele nijinyooshe. Sista akavuta kiti. Mimi nikaishia mapajani mwa Mzee Ottmar, kofia ngumu kwenye tai yake, na segwei peke yake ikaenda kugusa meza ya mkahawa na kusimama. Hakuna aliyeumia. Mzee alicheka mpaka meno yake ya bandia yakatoka. Alipoyarudisha akasema, "Mara moja tena."

Wote walicheka. Mimi nikaanza kulia, wakadhani nimevunjika. Kiongozi akaita gari la wagonjwa na Sista akalirudisha.

Mama, sasa nakuambia kwa nini nilikaa wiki mbili bila kuandika.

Siku ile ya mwisho na Tata, tukishuka mlima kwa baiskeli, nilikuwa nimekaa nyuma yake, juu ya mikungu ya ndizi. Tulipofika kwenye kona ya mzee wetu Ta Rugemalira, yeye alikuwa amesimama kando ya barabara. Ulikuwa umenichapa wiki ile ile kwa kumpita bibi mmoja bila kumsalimu, unakumbuka? Kwa hiyo nilimwona Ta Rugemalira nikainama. Niliinama sana, ubavuni, ili aone. Na baiskeli ikayumba, na Tata akasema "Annastella," na sikumbuki tena.

Ni mimi niliyetuangusha. Ulipokuja hospitali na rozari ukaniambia niape, niliapa haraka kwa sababu nilidhani umeshajua, na hiyo ndiyo adhabu yangu. Nimetembea kwa miguu miaka kumi na tano kama mfungwa mwenye shukrani. Pale uwanjani niliinama tena, nikaanguka tena, na safari hii mzee akacheka. Ndipo kitu kikavunjika ndani yangu.

Sasa umejua. Nisamehe kwa yote mawili.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Annastella


Muleba,
13 Septemba 2024

Mwanangu,

Barua nimeipata. Kamala safari hii hakusema neno, aliikunja mara mbili akanipa, akaniletea kiti.

Wewe ni mwanangu. Usiandike tena lile neno la mwisho.

Kuna jambo lazima nikuambie na mkono wangu haujataka. Nipe muda. Kula vizuri.

Mama yako


Regensburg,
27 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimekupa muda. Ni wiki sita sasa. Huku majani yote yameanguka na Mzee Ottmar kila siku ananiuliza kama mama yangu amejibu. Namwambia mama yangu anasoma polepole. Anasema, na kuandika je?

Nilipopiga simu ulisema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama, nilimsikia hadi mbuzi.

Mwanao,
Annastella


Muleba,
17 Novemba 2024

Mwanangu Annastella,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima wa kutosha, na leo nina kalamu mpya. Senene wameanguka wengi mwaka huu, watu hawalali, wanawakamata kwa taa na madebe. Nimekukaangia, Sista mmoja wa Bukoba anasafiri kuja huko atakuletea. Mpe huyo mzee wako aonje. Mwambie aondoe meno kwanza kama anaogopa kuyapoteza.

Sasa jambo lenyewe.

Asubuhi ile baba yako alikuwa amefunga mkungu mmoja. Alisema unatosha kwa sababu wewe unakwenda naye kununuliwa viatu. Mimi nilileta wa pili. Niliufunga mwenyewe kwa kamba ya mgomba, nikakaza kwa goti. Akaniuliza, "Vestina, na mtoto je?" Nikamwambia, "Mtoto ana uzito gani?" Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Hakuna mtu duniani niliyemwambia, hata padri nilimwambia nusu. Ulipokuwa kwenye plasta nikakuapisha. Nilisema nakulinda. Kweli nilikuwa nakulinda, lakini pia sikutaka kuona tena mtoto wangu juu ya magurudumu yale nikakumbuka nani aliyefunga kamba.

Kumbe wewe ulikuwa unatembea kwa miguu miaka yote ukidhani ni kosa lako. Nilipoisoma barua yako nilitoka nikakaa kwenye kahawa mpaka jua likazama.

Nilitaka kukujibu, nikaona maneno yangu na yako hayatoshi. Sisi wawili hatukuona. Aliyeona ni Ta Rugemalira peke yake. Unajua alihama mwaka ule ule akaenda kuishi kwa binti yake Immakulata, kule Kashozi. Watu walisema ni uzee. Basi jana nimekwenda.

Basi lilinifikisha Bukoba, lakini mvua ilikuwa imenyesha na magari ya Kashozi yalikuwa hayaondoki. Vijana wa bodaboda wakaniita, Mama, Mama. Nilisimama pale mpaka muuza karanga akanihurumia akanipa kigoda. Halafu nikamchagua mmoja mwenye mvi, anaitwa Mujuni. Nikamwambia, mimi ni mjane wa baiskeli, endesha kama umebeba mayai. Akasema, "Mama, nina mayai mengi nyumbani, nimezoea." Nikapanda. Ndiyo, mimi. Nilimshika kiunoni, baadaye akaniambia taratibu kwamba nilikuwa nimeshika shingo.

Tukiwa njiani akatokea padri mzee anatembea kando na mwavuli. Kichwa changu kikaanza kuinama chenyewe, nikasikia pikipiki inayumba, nikakumbuka barua yako. Nikampiga Mujuni begani, simama. Nikashuka, nikapiga goti pale kwenye tope, nikamsalimu padri, akanibariki, nikapanda tena. Mujuni akasema, "Mama, kwa salamu hizi Kashozi tutafika Jumatatu."

Ta Rugemalira sasa haoni vizuri lakini alinijua kwa sauti. Walinipa kahawa ya kutafuna, tukaulizana habari zote za wagonjwa na migomba, na nilipoona siwezi kuzunguka tena nikamuuliza aliona nini siku ile.

Aliiweka chini kahawa yake. Halafu akasema, "Nilikuwa nimesimama na mkungu wangu."

Annastella, unajua baba yako alikuwa anamchukulia mkungu wake kila siku ya gulio? Mimi sikujua. Kila akishuka alisimama pale kwenye kona, akaongeza wa Ta Rugemalira juu ya wa kwetu, kwa sababu yule mzee mgongo ulikuwa mbaya. Siku ile Ta Rugemalira alimwona baba yako Lwakatare anakuja, akanyanyua mkono. Baiskeli ikayumba. Miaka kumi na tano ameamini kwamba baba yako alianguka akijaribu kusimama kwa ajili yake. Ndiyo maana alihama, hakuweza kukaa na ile kona. Na ndiyo maana kila Krismasi mkungu unafika mlangoni kwangu kutoka Kashozi. Nilidhani ni wema.

Nikamuuliza, na mtoto? Aliinama? Akasema, "Aliinama. Nilisema moyoni, huyu amelelewa."

Nikamwambia ya kwako. Nikamwambia ya mkungu wa pili. Tukakaa pale kama watu wanaogombea mzigo, kila mmoja anavuta upande wake, mimi nasema ni kamba yangu, yeye anasema ni mkono wake. Immakulata alikuwa pembeni anamenya ndizi. Hakuinua hata kisu. Akasema, "Breki ziliisha. Kona nzima tulijua breki za Lwakatare zimeisha. Alikuwa anasimamisha baiskeli kwa kandambili, na siku ile kulikuwa na tope."

Mwanangu, nilikumbuka zile kandambili. Ya kulia ilikuwa imelika upande mmoja hata kisigino kinagusa chini. Nilikuwa namgombeza kila mwezi kwamba anamaliza viatu, na hakuwahi kuniambia kwa nini. Nilianza kucheka. Ta Rugemalira akacheka. Tukacheka na machozi yanatoka, na Immakulata akatutazama kama watu waliokunywa pombe ya lubisi tangu asubuhi.

Sisemi najua ni nini kilichomwangusha. Mungu anajua, na baba yako. Lakini sisi watatu tulikuwa tumebeba mkungu ule ule kila mmoja peke yake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenzake aupokee kidogo.

Jioni nilirudi na Mujuni mpaka stendi. Safari hii nilimshika kiunoni.

Kwa hiyo naandika haya na rozari ile ile iko mezani, ili iwe sawa na siku ulipoapa. Annastella binti Lwakatare, nakufungua. Si kwa saa moja, ni kwa siku zote. Mwambie Mzee Ottmar kwamba umeruhusiwa mara moja tena, na mara nyingine akitaka. Panda hicho chenye masikio, panda baiskeli, ukija likizo panda bodaboda ya Mujuni, nimeshaandika namba yake nyuma ya daftari.

Lakini ukiona mtu mzima, shuka kwanza.

Ni mimi mama yako,
Vestina